Kazi ya Kipa: Kutoka Udongo wa Mpanda Hadi Sakafu ya Futsal

Kipa ana majina mengi katika Kiswahili cha mpira. Watangazaji humwita mlinda mlango, magazeti ya michezo humwita nyanda, na mitaani bado ni golikipa. Kazi yake nayo imebadilika mara nyingi kuliko majina hayo, kwa sababu inategemea mambo mawili: mahali anapodakia na mtu anayemlipa. Katika Mkoa wa Katavi, na hasa mjini Mpanda, historia ya mambo hayo inapitia kwenye mgodi, reli, mipaka ya mikoa na viwanja vya udongo. Siku hizi inaanza kugusa futsal, mpira wa watu watano unaochezwa kwenye sakafu.

Mji wa mgodi na reli

Mpira wa miguu ulienea Tanganyika kupitia bandari, shule za misheni, jeshi, reli na makambi ya kazi. Upande wa magharibi, misheni ilitangulia. Karema, iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ndani ya Katavi ya leo, ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers. Huko wanafunzi walikusanyika miongo mingi kabla Mpanda haijawa mji.

Mpanda ilichipuka kwa sababu ya madini. Mgodi wa Mukwamba, uliochimba madini ya risasi chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ulihitaji njia ya kusafirisha mzigo hadi baharini. Kwa sababu hiyo lilijengwa tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210. Lilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji ukaendelea kuishi kwa kilimo, biashara, ofisi za serikali na baadaye wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Kwa mchezo wa timu, ajira ya mshahara ilikuwa na maana ya pekee. Mkulima hufuata mvua, na katika miombo ya Katavi mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtu wa mshahara ana siku ya mapumziko inayojulikana, na mechi inahitaji watu 22 walio huru saa ileile. Ndiyo maana katika Tanganyika yote timu za mwanzo zilifuata mahali pa kazi: gati, karakana, kambi ya askari, shule. Kipa wa wakati huo hakuwa na kazi ya ukipa. Alikuwa karani, fundi au mwalimu ambaye jioni alisimama langoni.

Reli ilifanya jambo la pili: iliamua mchezaji wa Mpanda aelekee wapi. Treni ilikwenda Kaliua na Tabora, na kutoka huko zilifunguka njia za Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam. Kijana aliyetaka kucheza mbele ya watu wengi zaidi alilazimika kupanda behewa.

Mipaka ya mikoa na njia ya kuteuliwa

Mpanda imebadilisha mkoa bila kuhama mahali pake. Baada ya uhuru ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikawa wilaya ya mkoa huo, na makao makuu yakawa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kusini, kwa barabara inayokatiza Hifadhi ya Katavi. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa unaojitegemea, na Mpanda ikawa makao yake makuu.

Mabadiliko hayo yanaonekana kama mambo ya ofisi tu, lakini katika soka la Tanzania mkoa ndio ngazi ya kuonekana. Kombaini za shule huteuliwa kimkoa kwa mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Bingwa wa ligi ya mkoa ndiye anayekwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, mlango wa kuingilia madaraja ya taifa. Kwa takriban miaka 38, kipa wa Mpanda alishindania nafasi na makipa wa Sumbawanga na Nkasi, mbele ya walimu na viongozi walioishi mbali na kwao. Nafasi za washambuliaji katika kombaini ni nyingi kiasi, lakini kipa anayeanza ni mmoja, na wa akiba ni mmoja au wawili. Mkoa mpya ulileta kombaini mpya, na pamoja nayo glovu mbili au tatu ambazo awali zilivaliwa na watu wa Rukwa nzima.

Kundi jingine lilizuiwa na mpaka wa aina tofauti. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Watoto na wajukuu wao walizaliwa na kukulia Mpanda, wakasoma na kucheza hapo, lakini sheria ya wakimbizi ilitaka kibali kwa kila anayetoka nje ya makazi, na hawakuwa na uraia ambao ungewaruhusu kuichezea timu ya taifa. Mwaka 2014 Tanzania iliwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya watu 150,000 wa kundi hilo. Kwa mwanamichezo, cheti hicho kilifungua mambo mawili kwa pamoja: kusafiri bila kibali na kupata pasipoti.

Shule ya udongo

Kabla ya kocha, kipa wa Katavi hufundishwa na uwanja. Mafunzo ya kwanza hupatikana kwenye chandimu, mpira wa mitaani wenye timu za watu wachache, mpira wa matambara au mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba, na lango la mawe mawili au kandambili mbili. Lango la aina hiyo halina mtambaa wa panya, kwa hiyo urefu wake hupimwa kwa mikono ya kipa: mpira uliopita juu ya vidole vyake si bao. Kanuni hiyo ndogo huleta ugomvi kila siku. Humpa mtoto mfupi lango dogo na mtoto mrefu lango kubwa, na humfundisha kipa kubishana, yaani kusema kwa sauti na kwa uhakika, jambo ambalo baadaye atalihitaji kupanga mabeki wake.

Kwenye chandimu, nafasi ya kipa mara nyingi si ya kuchagua. Hupewa mdogo kuliko wote, aliyechelewa kufika au asiyejua kupiga chenga, na pengine hubadilishana: anayefungwa anatoka, mwingine anaingia. Kwa sababu hiyo makipa wengi walijua kucheza kwa miguu kabla hawajajua kudaka.

Uwanja mkubwa una masomo yake. Kiangazi, udongo hukauka na kuwa mgumu, na mpira unaodunda mbele ya kipa hubadilisha mwelekeo kwa kokoto moja. Kipa aliyekulia hapo hujifunza kuweka mwili wote nyuma ya mpira, goti moja chini, kifua kikiwa ukuta wa pili endapo mikono itautema. Huruka pale tu inapobidi, maana kila mruko hulipiwa kwa ngozi ya nyonga na kiwiko. Ndiyo sababu makipa wa viwanja vya mchangani huvaa suruali ndefu hata jua linapowaka. Masika, udongo uleule huwa utelezi, na mpira uliolowa huponyoka hata kwenye glovu nzuri.

Shule hii hutoa makipa wenye ujasiri na macho mepesi, lakini huacha mapengo. Kipa anayeogopa kuruka hachukui krosi za mbali kwa urahisi. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi kwa mguu na mwenzake, kazi yake imedai pasi za uhakika, na pasi fupi kwenye udongo wenye mashimo ni hatari ambayo kocha wa ligi ya wilaya huikwepa kwa kuamuru mpira upigwe mbele.

Nani anamlipa kipa

Ligi ya taifa ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1965. Kwa miaka mingi wachezaji wake walikuwa wa ridhaa kwa jina, huku maisha yao yakitegemea mwajiri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma yakawa walezi wakubwa wa timu. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro na timu za bandari, magereza na majeshi zilimpa mchezaji kazi, mshahara na matumaini ya kiinua mgongo. Kipa ndiye aliyenufaika zaidi na mfumo huo. Umri wake wa kucheza ni mrefu kuliko wa winga, na akistaafu bado alikuwa na meza ya kukalia.

Makipa waliojulikana nchi nzima walitokea katika mazingira hayo. Athumani Mambosasa alikuwa langoni katika kizazi cha Simba kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974. Yeye na Juma Pondamali, aliyepewa jina la Mensah, walikuwa makipa wa Taifa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria, za kwanza kwa Tanzania. Mohamed Mwameja alidaka Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan. Pondamali baadaye akawa kocha wa makipa wa Yanga, kazi ambayo katika kizazi chake ilikuwa ngeni.

Kwa watu wa magharibi, mfano ulio karibu zaidi ni Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipoiondoa Zamalek, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, alikuwa langoni tena Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika kuwania Kombe la Dunia. Kati ya matukio hayo mawili alipita Simba, Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Safari hiyo inaonyesha umbo la kazi ya kipa mahiri nchini: miaka mingi, klabu nyingi, na mkataba unaoanza upya kila unapokwisha.

Mfumo wa mashirika ulipungua nguvu katika miaka ya 1990, na nafasi yake ikashikwa polepole na fedha za wadhamini, kampuni na haki za televisheni. Azam FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, na kuanzia msimu wa 2013/14 mechi za ligi zikawa bidhaa ya Azam TV. Mishahara ya juu ilipanda, na ushindani ukavuka mipaka. Yanga ilimsajili Djigui Diarra wa Mali mwaka 2021, na Simba ikamsajili Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Kipa wa Kitanzania anayetaka kudakia klabu hizo mbili sasa hushindana na makipa wa timu za taifa za nchi nyingine.

Soka la juu nalo lilisogea karibu na Katavi. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Sumbawanga mwaka 2020, Simba ikiifunga Namungo 2-1, na Kigoma mwaka 2021, Simba ikiifunga Yanga 1-0. Mwaka 2023 Tabora United na Mashujaa ya Kigoma zilipanda Ligi Kuu pamoja. Kwa kijana wa Mpanda, Ligi Kuu haikuwa tena ya kusikiliza redioni tu. Ilikuwa mwisho wa treni.

Mchezo wa sakafuni

Futsal ilizaliwa Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, pale mwalimu Juan Carlos Ceriani alipotunga kanuni za mpira wa miguu unaoweza kuchezwa katika kumbi za chama cha vijana cha YMCA. Brazil iliukuza na kuusambaza. FIFA iliandaa mashindano yake ya kwanza ya dunia nchini Uholanzi mwaka 1989, na Afrika ikawakilishwa na Algeria na Zimbabwe. Mashindano ya bara la Afrika yalianza mwaka 1996. Misri ilitawala mwanzoni, na Morocco ikachukua mataji ya 2016, 2020 na 2024.

Lango la futsal lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2. La uwanja mkubwa ni mita 7.32 kwa 2.44, yaani eneo la kulinda limepungua kufikia kama theluthi moja. Hilo halimpunguzii kipa kazi. Uwanja wa kimataifa wa futsal una urefu wa mita 38 hadi 42 tu, kwa hiyo shuti linaweza kupigwa kutoka karibu kila mahali, na mara nyingi mpigaji yuko hatua chache mbele. Muda wa kuruka haupo. Kipa wa futsal humfuata mpigaji, hufunga pembe, hushusha goti moja na kutandaza mguu wa pili na mikono ili mwili uwe kizuizi. Bao analookoa mara nyingi huokolewa kwa unyayo, ugoko au paja. Wengi huvaa vizuia goti, na baadhi huacha glovu kabisa ili waushike na kuurusha mpira vizuri.

Mpira wenyewe ni mdogo na mzito kwa ukubwa wake, umetengenezwa ili usidunde sana. Kipa huanzisha mchezo kwa kurusha kwa mkono, si kwa kupiga teke. Akiwa nusu yake hapaswi kukaa na mpira zaidi ya sekunde nne, na akishauachia, wenzake hawaruhusiwi kumrudishia katika nusu hiyo mpaka mpinzani auguse. Timu ikifikisha faulo ya sita katika kipindi kimoja, wapinzani hupewa mkwaju wa mita 10 usio na ukuta. Timu iliyo nyuma inaweza kumtoa kipa na kumwingiza mchezaji wa ndani mwenye jezi ya kipa, ili washambulie watano dhidi ya wanne huku lango likiwa wazi. Kipa anayejua kucheza kwa miguu hahitaji kutolewa. Yeye mwenyewe huwa mshambuliaji wa tano.

Marekani ilikuza aina nyingine ya mpira wa ukumbini, unaochezwa ndani ya kuta ambazo mpira hugonga na kurudi mchezoni. Ligi yake kubwa, MISL, iliendeshwa kuanzia 1978 hadi 1992, na ililipa mishahara ya kazi ya kudumu. Mmoja wa makipa wake wakubwa alitoka pwani ya Afrika Mashariki: Victor Nogueira, aliyezaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Akiwa na San Diego Sockers alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima msimu wa 1990/91, heshima ambayo makipa wa uwanja mkubwa huipata kwa nadra. MISL ilipokufa alihamia ligi nyingine za ukumbini, akaendelea kudaka hadi alipopita umri wa miaka 40. Kazi yake ilithibitisha kwamba ukumbini kipa anaweza kuwa nguzo ya timu na kuishi kwa mchezo huo peke yake, mradi ligi ipo.

Tanzania na futsal

Kwa Tanzania, futsal ilipata uzito mwaka 2025 kupitia wanawake. Timu ya taifa ya wanawake ilikwenda Rabat kwenye mashindano ya kwanza ya Afrika ya futsal ya wanawake, ikafika fainali na kufungwa na wenyeji Morocco 3-2. Kufika fainali kulitosha kuipeleka kwenye Kombe la kwanza la Dunia la futsal la wanawake, lililofanyika Ufilipino mwishoni mwa mwaka huohuo, ambako ilipangwa kundi moja na Ureno, Japani na New Zealand. Nchi isiyo na mazoea marefu ya ligi ya futsal iliweza kufika hapo kwa wachezaji waliokulia kwenye uwanja mkubwa na chandimu.

Mikoa kama Katavi ina miundombinu mingi ya mchezo huu kuliko inavyodhaniwa. Uwanja wa mpira wa mikono una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na lango lake ni mita 3 kwa 2: vipimo vilevile vinavyotumika katika futsal. Mpira wa mikono ni sehemu ya michezo ya UMISSETA, kwa hiyo shule yenye uwanja huo, hasa ukiwa wa zege, ina uwanja wa futsal bila kujenga kitu. Kinachokosekana ni mpira usiodunda, mwamuzi anayejua sheria na ratiba ya mechi.

Kwa kipa wa Mpanda, tofauti ya sakafu na udongo ni kubwa. Sakafu humrudishia imani ya mdundo ulionyooka, humruhusu kucheza pasi fupi na kumpa miguso mingi katika dakika 40 za mchezo. Chandimu tayari imemfundisha kufunga pembe kwenye lango dogo na kutumia miguu. Anachopaswa kujifunza upya ni kuamua ndani ya sekunde nne na kurusha mpira kwa mkono badala ya kuupiga mbali.

Kazi yenyewe, kwa sasa, hujengwa kwa vipande. Kipa wa mkoani huanza kwenye kombaini ya shule, hupita ligi ya wilaya na ya mkoa, na anaweza kusajiliwa na timu ya First League au Championship, majina yanayotumika kwa madaraja ya chini ya Ligi Kuu tangu 2021. Timu za majeshi bado hutoa kitu kinachofanana na mpango wa zamani wa mashirika, yaani ajira inayobaki baada ya glovu kutundikwa. Futsal huongeza njia ya kuitwa timu ya taifa, lakini haijawa chanzo cha mshahara wa kudumu nchini, kwa hiyo anayeicheza huichanganya na soka la kawaida au na kazi nyingine. Baada ya kucheza, mlango ulio wazi zaidi ni ukocha wa makipa, taaluma ambayo klabu za Ligi Kuu sasa huihesabu kuwa ya lazima na ambayo shule na timu za wilaya bado zinaihitaji.